Siku Niliyosema Kushoto

Mwezi uliopita basi letu lilisimamishwa karibu na Mang'ula kuwapisha mafundi wa barabara. Walikuwa wanachemsha lami kwenye mapipa kando ya njia, na upepo ukauleta moshi wake moja kwa moja dirishani. Abiria wenzangu walifunga vioo, wakalalamika. Mimi nilishuka. Nilijiambia kwamba nanyoosha miguu, lakini niliegemea ubavu wa basi mpaka kondakta akaja kuniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamjibu hapana. Ningemwambia nini? Nina watoto wawili wa kuzaa, nina kazi na nyumba Morogoro, na bado harufu ya lami inaweza kunirudisha darasa la tatu, nimesimama nyuma ya ukuta wa matete na ndoo ya maji kichwani, nikisikiliza maneno ambayo hayakuwa yangu.

Baba yangu alikuwa mvushaji. Wale tuliokulia Ifakara kabla ya daraja tunajua masika yalivyokuwa. Bonde lote liligeuka maji, na watu waliokuwa na mashamba ya mpunga ng'ambo ya mto walihitaji mtu wa kuwavusha na mbegu zao, majembe yao, sufuria na kuku, maana wangekaa huko kwenye madungu yao ya miti mpaka mavuno. Pantoni ilikuwepo, lakini ilikuwa mbali na kwetu, na ilimshusha mtu mbali na shamba lake. Kwa hiyo watu wa upande wetu walimngoja Baba. Alikuwa na mtumbwi mmoja mrefu wa gogo, mzee kuliko mimi, wenye nyufa alizoziziba kila mwaka kwa vitambaa vya pamba na lami ya moto.

Safari yenyewe ilikuwa na maji ya aina mbili. Kwanza yalikuja maji ya mbuga, yaliyotulia juu ya majani, ambako Baba alisimama nyuma na kusukuma kwa pondo. Hapo hakuhitaji msaada wa mtu. Pondo lilimwambia kila kitu: hapa udongo, hapa mchanga, hapa jaruba la fulani. Halafu majani yaliisha ghafla na mto ukaanza, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, ukivuta kutoka kulia kwenda kushoto. Pondo halikufika chini. Baba aliliweka, akakaa, akashika kafi, na kuanzia hapo kazi ikawa ya macho.

Ng'ambo palikuwa na mahali pamoja tu pa kutua, mlango mwembamba kati ya matete. Ukiukosa kwa kupanda juu, unahangaika kwenye matete na kupoteza muda tu. Ukiukosa kwa kushuka, mto unakupeleka kwenye kona ambako ulikula ukingo na kuangusha miti mikubwa, na visiki vyake vimesimama majini kama meno. Watu walipaita Penye Visiki na hawakupenda kupataja wakiwa ndani ya mtumbwi.

Ili asiukose mlango ule, Baba alitumia mivumo miwili, ile minazi ya porini yenye shina lililonenepa katikati. Mmoja ulikuwa karibu na maji, mwingine nyuma yake, kwenye mwinuko. Ukiwa kwenye njia sahihi, wa karibu unaufunika wa mbali, unaona shina moja tu. Mto ukikusukuma kushoto, wa karibu unachomoza kulia. Ukipanda sana kulia, unachomoza kushoto. Na dawa ni moja: ufuate wa karibu. Umechomoza kulia, nenda kulia. Umechomoza kushoto, nenda kushoto. Nilipokuwa mdogo nilishangaa kwamba mdomo wa mtumbwi haukuelekea kwenye mivumo kabisa. Baba aliuelekeza juu, upande maji yanakotoka, kama mtu anayetaka kwenda kwingine, na mtumbwi ukawa unatazama kule huku unakwenda hapa. Mtu mgeni angeona anakosea. Nilimwuliza siku moja, akasema, "Ukitazama unakotaka kufika, mto unakunyang'anya kidogo kidogo na huoni. Utakuwa unautazama mvumo mpaka unafika Penye Visiki, na bado unautazama."

Hakupiga kafi kwa nguvu. Aligusa tu, mara upande huu, mara ule. Aliniambia anayepiga kafi sana ni yule aliyechelewa kuona.

Kuona kulikuwa kazi yangu. Nilikaa mbele kabisa, magoti yamebana mdomo wa mtumbwi, na Baba akiwa nyuma aliniuliza, "Haya, jicho langu. Imekaaje?" Nami nikajibu, "Imefunikana." Au, "Wa karibu umetoka kulia, kama upana wa kidole." Yeye akagusa kafi. "Na sasa?" "Imefunikana, Baba." Tulikwenda hivyo hadi ng'ambo, na abiria walicheka na kunisifu. Nilidhani ni mtihani. Nilidhani ananifundisha uvushaji, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume, na kwamba yeye mwenyewe anaiona mivumo ile vizuri zaidi yangu na anangoja nikosee ili anirekebishe. Sikukosea.

Yalikuwepo mengine ambayo leo yananifanya nijiulize nilikuwa natazama nini. Baba akimimina chai alitumbukiza ncha ya kidole kikombeni. Nilidhani anapima moto. Barua ya mama mdogo kutoka Mlimba ikija, alinipa nisome kwa sauti. Nilidhani anataka kujua kama ada ya shule inaliwa bure. Mtu akipiga hodi alisema, "Sema tena," kabla ya kumkaribisha, na wageni walicheka wakidhani ni utani wake. Na mimi nilicheka.

Msimu ule maji yalipanda mapema. Siku moja ya Ijumaa nilitoka kisimani jioni, jua halijazama, nikakuta Baba na Mama nyuma ya nyumba wanaziba mtumbwi. Lami ilikuwa inatokota kwenye kopo juu ya mafiga. Ukuta wa matete ulitutenganisha. Ningepita tu, lakini nilisikia sauti ya Mama ikiwa chini sana, sauti aliyoitumia kwenye misiba, nikasimama.

"Huyu mtoto wa jicho umembeba vya kutosha, Baba Yustina," alisema. "Msimu wa tatu huu."

"Atatolewa," Baba akajibu.

"Lini?"

"Tukishavuna."

"Mtoe sasa. Siku moja atatuzamisha. Mimi nakuambia, atatuzamisha na watoto wa watu."

"Nikimtoa sasa nitakaa ndani wiki ngapi? Watu watavukaje? Maji hayamngoji mtu." Nikasikia kijiti kikikwangua kopo. "Usimwambie Odi. Ataogopa bure."

Odi ni mimi, Odilia.

Ninyi mnaosoma mmekwishaelewa. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuwahi kulisikia neno lile. Baba aliniita jicho lake kila siku ya safari. Mtoto wa jicho angekuwa nani kama si mimi? Na kutolewa nilikujua. Miaka miwili nyuma dada yangu Yustina alitolewa. Walikaa jioni wakanong'ona, wakasema tukishavuna, na baada ya mavuno akapandishwa treni kwenda Mlimba kulea watoto wa mama mdogo. Alirudi mara moja tu, Krismasi, mikono imekuwa migumu, akanisalimia kama mgeni. Sasa ilikuwa zamu yangu, na Mama ndiye aliyeshikilia kwamba niondoke upesi. Kwa sababu ya kuwazamisha. Mimi, ambaye sikukosea hata mara moja.

Niliimwaga ndoo ya maji pale pale, nikarudi kisimani kuijaza upya ili nipate pa kulilia.

Asubuhi yake, Jumamosi, tulikuwa na abiria mmoja na mtoto wake. Mama Tekla, jirani yetu, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, alikuwa anamfuata mumewe shambani, na mgongoni alimbeba mtoto wake mchanga, Deo, ndani ya kanga nyekundu. Tekla mwenyewe aliachwa kwa bibi yake. Mama yangu naye alikuja, na magunia mawili ya mbegu zetu. Alikaa katikati na kafi la pili. Nilipopanda Baba alinigusa kichwani. "Umelala vizuri, jicho langu?" Nikageukia mbele. Mama akasema, "Mtoto, baba yako anakusemesha." Nikasema nimelala vizuri.

Kwenye mbuga yangeyange walikuwa wametua juu ya majani, weupe, wakaruka mmoja mmoja tulipopita. Kulikuwa na jua safi na milima ya Udzungwa nyuma yetu ilionekana mpaka mikunjo yake. Nayakumbuka haya kwa sababu sikuwa na la kusingizia. Hapakuwa na ukungu wala mvua. Niliona kila kitu.

Tulipoingia mtoni Baba alikaa, akashika kafi. "Haya. Imekaaje?"

Mivumo ilikuwa imefunikana. Nikasema imefunikana. Tulikwenda. Moyoni nilikuwa napanga maneno. Nilitaka wajue kwamba nimewasikia, lakini mtoto hawezi kumwambia mzazi nimekusikia ukisema hili na lile. Nilitaka waanze wao. Nilitaka Baba anikaripie, ili nipate sababu ya kulia mbele yake, naye aniulize nina nini, nami niseme.

"Na sasa, Odi?"

Mto ulikuwa umetusukuma. Mvumo wa karibu ulikuwa umechomoza kulia, upana wa kiganja kizima. Ilikuwa wazi kiasi kwamba hata Mama Tekla angeiona kama angejua maana yake. Na mimi nikasema, "Kushoto."

"Umetoka kushoto?"

"Ndiyo, Baba. Kushoto. Kama kiganja."

Nikageuka nimwone. Nilingoja ule uso wake wa mtihani, nyusi zikipanda, aseme, hebu tazama vizuri. Badala yake aliligeuza kafi, na mtumbwi mzima ukaelekea kushoto, chini, unakokwenda mto.

Sijui kama nitaweza kulieleza hili. Baba alikuwa amenikabili, hatua sita tu kutoka kwangu, jua likimpiga usoni. Nilimtazama machoni. Na macho yale hayakuwa yananitazama mimi, wala mivumo, wala kitu chochote. Yalikuwa yameelekea juu kidogo ya kichwa changu, yametulia, meupe katikati kama maji ya mchele, na kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kila kitu nilichowahi kukiona kwake, kidole kikombeni, barua, "sema tena," kilikuja kwa mara moja na kikakaa mahali pake. Haukuwa mtihani. Haukuwahi kuwa mtihani. Nilikuwa nimetuendesha mimi, misimu mitatu, na watu wote wale.

Nilifungua mdomo niseme kulia. Sauti haikutoka. Nimesoma baadaye kwamba hofu humfanya mtu apige kelele. Mimi nilishika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili. Niliiona ile miti ikija. Niliona maji yakivimba mbele ya kisiki cha kwanza na kupasuka. Nilikuwa wa kwanza kuona na wa mwisho kusema.

Baba akaacha kafi hewani. "Maji yanalia vibaya," alisema taratibu. "Odi, tuko wapi?"

Mama, aliyekuwa ameinamia kafi lake, akainua kichwa. Alisema neno moja, "Visiki," na mtumbwi ukagonga.

Tulipigwa ubavuni. Mtumbwi ulipanda juu ya kitu, ukalala, ukajaza, na maji yakatuchukua wote kwa pamoja kama mtu anayekung'uta mkeka. Nilimeza maji. Kitu kilinigonga kifuani, nikakikumbatia bila kujua ni nini; ulikuwa mti ulioanguka, matawi yake nje, nami nikapanda juu yake kama nyani. Nilipopangusa macho nilimwona Mama mbali chini, ameshika mtumbwi uliopinduka, akielekea kwenye matete. Mama Tekla alikuwa ameshika tawi la mti uleule niliokuwa juu yake, upande wa mwisho, damu inamtoka kwenye paji. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Alikuwa analiita jina la mwanawe, na sauti yake haikufanana na sauti ya mtu.

Baba alikuwa ameng'ang'ania shina karibu na mizizi, maji yakimfika kidevuni. "Odi," aliita. "Uko hai?"

"Ndiyo."

"Mama yako?"

"Ameshika mtumbwi. Anafika kwenye matete."

"Mtoto yuko wapi?"

Nikaangalia. Nyuma ya ule mti mkubwa, ambako mto ulikingwa, maji hayakukimbia. Yalikuwa yanazunguka polepole. Na ndani ya mzunguko ule kulikuwa na kanga nyekundu imejaa hewa, na chini yake kitu kidogo.

"Namwona, Baba. Yuko kulia."

"Kulia kwangu au kwako?"

Swali lile lilinifanya niwe na akili. Tulikuwa tumetazamana. Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwake. "Kulia kwako," nikasema. "Mkono wako wa kulia."

Aliuachia mti. Baba yangu, ambaye nilikuwa nimemdanganya robo saa haijapita, aliachia kitu pekee kilichomshika na akaogelea kwenye maji asiyoyaona kwa sababu nimesema kulia. "Mbele," nikasema. "Mbele tena. Baba, umempita, rudi. Yuko kushoto. Kushoto." Nilisema kushoto kwa mara ya pili siku ile, na kwa mara ya pili aligeuka bila kuuliza. Mkono wake ukapiga maji, ukapiga tena, ukashika kanga.

Akamwinua juu. Akaniuliza njia ya kurudi na nikamwambia, neno kwa neno, mpaka bega lake likagusa tawi. Mama Tekla akampokea mtoto, akamgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Sikuhesabu. Halafu Deo akatapika maji na akakohoa, na kilio chake kikatoka, kidogo kama cha paka. Wavuvi wawili walisikia kelele wakaja na mitumbwi yao, wakatuokota kama mizigo iliyotawanyika.

Mtumbwi ulipasuka. Mbegu zikaenda na maji, na shamba letu mwaka ule lilikaa bila kupandwa. Siku ya tatu mwenyekiti wa kijiji aliitisha kikao, watu wakakaa chini ya paa la ofisi, na mume wa Mama Tekla, aliyeletwa kutoka ng'ambo, akasimama na kumwuliza Baba swali moja tu. "Ulikuwa unaona?"

Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani. "Sikuwa naona," alisema. "Ni msimu wa tatu sioni."

Watu wakaguna, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sababu kila mmoja alikuwa anakumbuka siku alizovushwa. Hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Baba hakunitaja. Nilikaa nyuma na wanawake, na maneno yalikuwa mdomoni mwangu tayari, na sikuyasema. Wakamkataza kuvusha watu. Walipotawanyika baadhi yao hawakumpa mkono, na yeye hakujua, aliendelea kuunyoosha mkono wake kuelekea sauti zao.

Wiki mbili baadaye Mama alimpeleka hospitali, nami nikawafuata kubeba kikapu. Kesho yake asubuhi nesi alitoka chumbani akiwa anatabasamu, akamwambia Mama, "Mtoto wa jicho ametolewa salama. Yule wa jicho la pili tutamtoa miezi ijayo."

Nikamwuliza, "Mtoto gani, dada?"

Hakunicheka. Aliinama akanieleza kwamba ni ugonjwa, kwamba ndani ya jicho panaingia weupe kama pazia, mtu akawa haoni, na watu wakauita hivyo. Nilikaa chini kwenye sakafu ya saruji. Mama akadhani nina njaa, akanipa andazi. Nililishika mkononi mpaka likawa na alama za vidole vyangu. Hakuna mtu aliyekuwa na mpango wa kunipeleka popote.

Walipomfungua bandeji walimketisha kibarazani, kwenye kivuli, na Mama akaenda kulipia dawa. Baba alinitazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua tofauti ya kutazamwa. Alinianza kichwani, akashuka mpaka miguuni, akarudi usoni.

"Umekuwa mrefu," alisema. Halafu akasema, "Meno ya mbele yameota lini?"

Meno yale yaliota nikiwa darasa la kwanza. Hapo ndipo niliposhindwa. Nilimwambia yote, mvumo ulikokuwa na nilikosema upo, na kile nilichokisikia nyuma ya ukuta, na Yustina, na treni. Nilisema haraka na vibaya. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipofika kwenye maneno ya Mama alilifunika lile jicho jipya kwa kiganja. Nilidhani linamuuma.

"Maji yaliniambia," alisema mwishoni. "Uliposema kushoto niligeuka, nikasikia mto unatusukuma mgongoni badala ya ubavuni. Nikasema moyoni, Odi ndiye anayeona. Nikaendelea."

Kati ya yote, hilo ndilo linalonishtua mpaka leo. Alijua, akaniamini mimi.

"Sikiliza," akasema. "Kuwapakia watu nikiwa kipofu ni kosa langu. Ni kubwa kuliko lako, na usijaribu kulibeba. Lakini lako lipo. Utalipeleka mwenyewe kwa Mama Tekla."

"Tutakwenda wote?"

"Nitakusindikiza mpaka mwembe wa kona. Ndani utaingia peke yako."

Mama Tekla alikuwa anatwanga. Deo alikuwa mgongoni mwake, amelala, kichwa kinacheza kila mchi unaposhuka. Nilimwamkia, akaitikia. Nikasema. Mchi ulisimama ndani ya kinu. Kovu la paji lake lilikuwa bado jekundu. Nilipomaliza alingoja, kama mtu anayedhani kuna maneno mengine yatakayokuja kuyafuta haya, na hayakuja.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa ondoka machoni pangu."

Tangu siku hiyo hakuniitikia shikamoo. Wasiokulia kwetu wanaweza kudhani ni jambo dogo. Mtu mzima asiyekuitikia amekutoa katika hesabu ya watu. Unasimama na salamu yako mdomoni kama mtu aliyenyoosha sahani na hakuna aliyempakulia. Nilimwamkia kisimani, nilimwamkia kanisani, nilimwamkia akipita na kuni. Alipita. Mama yangu, alipopata habari kutoka kwangu, hakunipiga. Alisema tu, "Endelea kumwamkia. Kuitikia ni kwake, kuamkia ni kwako." Na Baba, aliyetolewa mtoto wa jicho wa pili na kuanza kufuma mitego ya samaki, hakuniuliza hata mara moja limefikia wapi.

Ulipita msimu mmoja wa masika, ukapita mwingine. Nilikuwa darasa la tano. Siku hiyo nilitumwa chumvi dukani, na njia ya dukani inapita kwa Mama Tekla. Alikuwa uani, anapepeta mpunga kwenye ungo, makapi yanaruka na kumwangukia mabegani. Nilisimama mahali pangu pa kila siku, nje ya uzio.

"Shikamoo, mama."

Ungo ukaendelea. Nikageuka niondoke.

"Malahaba," sauti ikasema.

Alikuwa Deo. Alitokea nyuma ya sketi ya mama yake, amevaa shati tu, tumbo nje, mkononi ana muwa. Alinitazama kwa uzito wote wa mzee wa kanisa. Nadhani alikuwa amenisikia siku nyingi mno, na akaona imetosha.

Mama Tekla aliuteremsha ungo. Alimtazama mtoto wake, kisha akatazama chini, na mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso.

"Wewe," alimwambia, "shikamoo si ya kwako. Huyo ni mkubwa kwako. Ya kwangu hiyo."

Akajipangusa makapi shingoni kwa ncha ya kanga, taratibu, akiniacha ningoje.

"Marahaba, Odilia," akasema.